Kodi ya miezi sita kabla ya kuingia: Uislamu unasemaje?



Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunapenda kulizungumzia jambo ambalo halisikiki sana katika mimbari zetu, ilhali linawanyima watu usingizi katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika, Yombo, Mwananyamala, Tandale hadi Bunju. Jambo lenyewe ni gharama ambazo mtu hutakiwa kuzitoa kwa mkupuo siku anapohama nyumba moja ya kupanga kwenda nyingine. Tunasisitiza neno mkupuo kwa sababu uzito wa jambo hili umo humo.

Tuchukue mfano wa baba mwenye mke na watoto watatu, anayetafuta chumba na sebule. Amepata mahali panapomfaa, kodi ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa pamoja, hizo ni shilingi 600,000. Dalali anadai kodi ya mwezi mmoja, nazo ni shilingi 100,000. Tukadirie kirikuu ya kubeba vyombo shilingi 50,000, na shilingi 50,000 nyingine kwa ajili ya kitasa kipya, rangi, umeme wa kuanzia na ujira wa vijana wa kubeba kabati na vitanda. Jumla inafika shilingi 800,000 kabla familia haijalala usiku mmoja katika nyumba hiyo.

Sasa tuitazame hesabu hiyo mbele ya kipato. Katika sherehe za Mei Mosi za mwaka 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Mtumishi wa kima hicho, hata akifunga mwezi mzima bila kununua kibaba cha unga, atakuwa bado amepungukiwa shilingi 300,000. Na wengi katika mitaa tuliyoitaja hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ni mama lishe, mafundi, wachuuzi wa samaki, madereva wa bodaboda na vibarua ambao riziki yao huja kwa siku na huliwa kwa siku.

Tutambue jambo moja hapa, nalo ndilo msingi wa maneno yetu yote. Mtu huyu si kwamba hawezi kulipa kodi. Shilingi 100,000 kwa mwezi anaiweza, na huenda amekuwa akiilipa kwa miaka. Asichokiweza ni kuzikusanya shilingi 800,000 katika siku moja. Mtihani wake basi umo katika wakati, na dawa yake lazima itafutwe humo.

Asipoipata dawa hiyo, mja huyu hukabiliwa na njia tatu, na zote ni chungu. Ya kwanza ni kubaki alipo, hata kama paa linavuja au nyumba imo bondeni na maji ya masika hupiga hodi kila mwaka. Ya pili ni kuigawa familia, mke na watoto wakarudishwa kijijini au ukweni, na yeye akajibanza kwa rafiki. Ya tatu ni kwenda kwa wakopeshaji wa riba wale ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Ndoa zimevunjika katika njia hizi, na watoto wamekatishwa masomo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haya ni mambo ya dunia yasiyohusu dini.

Hali ilivyo

Mji wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 4,364,541 katika sensa ya mwaka 2012, na katika sensa ya mwaka 2022 idadi hiyo ilifika 5,383,728. Ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja katika miaka kumi, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kuweka ubavu.

Serikali haikukaa kimya tangu uhuru. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ikawapo pia Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ambayo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiwango cha kodi na namna ya kuilipa vimebaki kuwa makubaliano baina ya mpangaji na mwenye nyumba.

Lakini makubaliano hayo hayako nje ya sheria. Yanasimamiwa na sheria za mikataba na ardhi, na mwenye malalamiko anaweza kuyafikisha katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapangaji wengi hawalijui hilo, na wanaolijua huona aibu kwenda, au hawana karatasi yoyote ya kupeleka.

Mwenye nyumba naye asikilizwe

Ni desturi ya watu kumsema mwenye nyumba kama kwamba ni adui. Uadilifu unatutaka tumsikilize. Katika mitaa yetu, mwenye nyumba mara nyingi si tajiri. Ni mjane aliyeachiwa nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na uani, yeye anakaa katika chumba kimoja na vingine amepangisha. Au ni mzee mstaafu aliyejenga kwa miaka kumi na tano, leo tofali mia, mwakani bati ishirini, bila ya mkopo wa benki. Kwake yeye, kodi ya miezi sita ndiyo fedha pekee ya mkupuo anayoiona katika maisha yake. Kwa fedha hiyo huezeka upande wa pili wa nyumba, hulipa ada ya mtoto Januari, au hujitibu.

Ana hofu pia. Amewahi kupata mpangaji aliyekaa miezi minne bila kulipa, kisha akahama usiku akiacha deni la maji na mlango uliovunjwa. Kumtoa mpangaji wa namna hiyo kwa njia ya sheria kunachukua muda na fedha. Kwa hiyo anaona usalama wake ni kuzishika fedha mapema.

Tukiyaweka haya pamoja tunapata ukweli ambao wengi hawautazami. Kodi ya miezi sita ya mbele, kwa hali ilivyo, inafanya kazi ya mkopo ambao mpangaji asiye na nyumba anampa mwenye nyumba asiye na fedha. Maskini anamkopesha maskini mwenziwe, na mara nyingi hakuna karatasi wala shahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Fiqhi inasemaje juu ya kodi ya mbele

Katika fiqhi ya Kiislamu mkataba wa kupanga nyumba huitwa ijara. Ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda maalumu na kwa ujira maalumu, huku kitu chenyewe kikibaki kuwa mali ya mwenyewe. Muda ukiwa haujulikani, au kodi ikiwa haijulikani, mkataba huo una kasoro.

Je, inajuzu kudai kodi kabla ya mpangaji kuitumia nyumba? Jibu ni ndiyo, wakikubaliana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi katika mwambao wetu, pande mbili zikipanga nyumba maalumu bila kutaja wakati wa kulipa, kodi inastahiki kulipwa papo hapo. Wakikubaliana ilipwe baadaye au kwa mafungu, inajuzu vilevile. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik wao waliona kwamba, pasipokuwa na sharti wala ada ya mahali, kodi hustahiki kadiri manufaa yanavyopatikana. Tofauti hii ya maimamu inatuonyesha kuwa kulipa kwa mwezi si jambo geni katika dini, na kulipa kwa mkupuo si haramu. Lililo haramu ni dhulma ndani ya yote mawili.

Na hapa ndipo tunapotaka wamiliki wa nyumba watuelewe vyema. Mwenye kupokea kodi ya mbele amepokea pia amana na majukumu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), katika kitabu chake cha Minhaj ambacho kimesomeshwa katika madrasa zetu kizazi baada ya kizazi, ameeleza kuwa ni wajibu wa mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji ufunguo, na kwamba matengenezo ya nyumba yako juu ya mwenye nyumba. Akiharakisha kutengeneza, mkataba unaendelea. Akizembea, mpangaji ana hiari ya kuuvunja. Kwa hiyo yule anayechukua miezi sita, kisha akaambiwa choo kimejaa au bati limeng'oka akajibu kuwa hilo ni shauri la mpangaji, huyo ameshika haki yake na kuiacha ya mwenziwe.

Nyumba ikibomoka katikati ya muda, au ikasombwa na mafuriko, mkataba unakatika kwa muda uliobaki, na kodi ya miezi hiyo ni mali ya mpangaji. Lazima irejeshwe. Nyumba ikiuzwa kwa mtu mwingine, kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ni kwamba mpangaji anabaki hadi muda wake umalizike. Kwa hukumu hiyo, mnunuzi hawezi kumtupia vyombo nje mtu aliyekwisha kulipia.

Kuna suala la kifo, nalo tunalitaja kwa uchungu. Mume amelipa miezi sita, mwezi wa pili Mwenyezi Mungu akamchukua. Kwa madhehebu ya Shafi mkataba haukatiki kwa kifo. Mjane na mayatima wana haki ya kukaa miezi iliyobaki, na humo mjane akaitimiza eda yake. Kwa madhehebu ya Hanafi mkataba hukatika, lakini hapo fedha ya miezi iliyobaki hurudi kwa warithi. Hakuna madhehebu yanayoruhusu mjane apoteze vyote viwili, nyumba na fedha. Anayemwambia ahame kwa kuwa aliyeandikiana naye ni marehemu, na kodi asirejeshe, amekula mali ya mayatima. Na Qur'ani imelieleza jambo hilo kwa makemeo makali katika Surat An-Nisaa.

Ama mpangaji akiamua mwenyewe kuondoka kabla ya muda, mwenye nyumba halazimiki kurejesha. Lakini imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mwenye kumfungulia mwenziwe mkataba aliojutia, Mwenyezi Mungu naye atamsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Biashara gani ina faida kuliko hiyo?

Kuhusu dalali

Baadhi ya watu hudhani kuwa fedha ya udalali ni haramu. Si hivyo. Imamu Bukhari ameweka mlango maalumu katika kitabu chake kuhusu ujira wa udalali, akataja kuwa wanavyuoni wa mwanzo kama Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Dalali anatembea juani, anajua nyumba gani imeachwa wazi, anawakutanisha watu. Ana haki ya ujira.

Sharti ni kwamba ujira huo ujulikane mapema na kazi iwe ya kweli. Inapasa mpangaji aulize kabla ya kuinua mguu: fedha ya kuonyeshwa chumba ni kiasi gani, je, inahesabika ndani ya malipo ya mwisho, na ya udalali ni kiasi gani? Haijuzu kwa dalali kumwonyesha mtu nyumba anayojua kuwa imekwisha kuchukuliwa ili apate fedha ya kuonyesha. Haijuzu kupokea kodi ya chumba kimoja kutoka kwa watu wawili. Wala haijuzu kuficha aibu ya nyumba, akaileta familia mwezi wa Agosti penye ukavu huku akijua kuwa ikifika Aprili maji hufika magotini. Ghushi imeharamishwa katika sokoni kwa nafaka, na katika nyumba ni vivyo hivyo.

Ni vizuri kodi yenyewe ilipwe mkononi mwa mwenye nyumba, si kwa dalali, na mbele ya shahidi.

Tahadhari ya kausha damu

Ndugu msomaji, tunajua kuwa anayekwenda kukopa kwa riba ili alipe kodi haendi kwa kupenda. Lakini tumpe nasaha yetu kwa hesabu, mbali na uharamu wake ulio wazi. Mtu huyu tatizo lake lilikuwa ni kukosa fedha ya mkupuo. Anapokopa shilingi 800,000 kwa marejesho ya kila siku au kila wiki pamoja na riba, amelibeba lile lile alilolikimbia na kuliongezea uzito. Ataanza kulipa deni mwezi wa kwanza, na ikifika mwezi wa sita deni huenda halijaisha, na mwenye nyumba anabisha hodi akitaka miezi sita mingine. Hapo ndipo kitanda na televisheni huchukuliwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Serikali ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018 ili wakopeshaji wawe na leseni na wasimamiwe. Pamoja na hayo, Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mikopo ya namna hiyo hupatikana kwa kubonyeza kidole, na baadhi ya wakopeshaji huwatumia ndugu na wakubwa wa kazini wa mkopaji ujumbe wa kumfedhehesha. Mtu akahama nyumba, na heshima yake nayo ikahama.

Njia zilizo wazi

Baada ya kueleza tatizo, ni wajibu wetu kutaja njia. Tunazitaja kwa mpangilio, kuanzia iliyo mkononi mwa mpangaji mwenyewe.

Kwanza ni kujipanga mapema. Mwenye mkataba wa miezi sita anajua tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza. Aanze kujiwekea kuanzia mwezi wa kwanza, si wa tano. Shilingi 4,500 kila siku kwa siku 180 ni shilingi 810,000. Haba na haba hujaza kibaba. Na asiitazame kodi peke yake. Atakayehama Mwananyamala kwenda Mbande kwa sababu kodi imepungua shilingi 30,000, naye kazi yake imebaki mjini, ahesabu nauli. Ikizidi shilingi 1,200 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni shilingi 31,200. Amehama kwa gharama zote zile na hakupata kitu.

Pili ni kuzungumza na mwenye nyumba. Wapangaji wengi husikia neno la dalali kuwa ni miezi sita wakalichukua kama amri. Aombe kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, ajitambulishe, aje na mtu anayefahamika mtaani au mwenye nyumba wake wa zamani amshuhudie kuwa ni mlipaji. Aombe miezi mitatu, au miezi miwili kisha kila mwezi. Inajuzu pia mwenye nyumba kutaja bei mbili: shilingi 100,000 kwa mwezi kwa mwenye kulipa miezi sita, na shilingi 110,000 kwa mwenye kulipa kila mwezi. Jamhuri ya wanavyuoni wameruhusu hivyo maadamu pande mbili zimeichagua bei moja kabla ya kuachana. Kisichojuzu ni kumwongezea faini aliyechelewa baada ya deni kuthibiti, kwani hiyo ndiyo riba yenyewe. Aya ya 280 ya Surat Al-Baqara imeagiza mdaiwa mwenye dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Na mpangaji naye akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma.

Tatu ni kuandikiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika sura hiyo hiyo, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Mkataba wetu utaje muda na kodi, nani anatengeneza nini, taarifa ya kuhama ni ya siku ngapi, na itakuwaje nyumba ikiharibika au mmoja akifariki. Siku ya kukabidhiana waandike usomaji wa mita ya umeme na ya maji, ili mgeni asirithi deni la aliyetangulia. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa katika manunuzi ya umeme wa LUKU, ilhali mzigo huo ni wa mwenye nyumba. Wakubaliane namna ya kufidiana. Nakala ziwe mbili, na ofisi ya serikali ya mtaa iwe na habari.

Nne ni mchezo, au upatu. Watu kumi wanaofahamiana, kila mmoja akitoa shilingi 80,000 kwa mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 800,000. Ni hesabu ile ile ya baba yule wa mfano wetu, bila senti moja ya riba. Anayejua kuwa mkataba wake unaisha Juni aombe zamu ya Mei. Na wala hili si jambo la kuzua. Al-Qalyubi, mwanachuoni wa Kishafi wa Misri aliyefariki mwaka 1069 Hijria (1659 Miladia), katika maelezo yake juu ya sherehe ya Minhaj, ameutaja mchezo uliokuwa maarufu miongoni mwa wanawake wa zama zake, wakichangishana kila kipindi na kumpa mmoja baada ya mwingine mpaka wote wapate. Ameueleza kuwa unajuzu, akiinasibisha kauli hiyo na Waliyyud-Din al-Iraqi, aliyefariki mwaka 826 Hijria. Kijumbe akipewa ujira unaojulikana kwa kazi yake hapana ubaya. Hatari yake ni khiyana, yule anayepokea mapema kisha akakacha. Kwa hiyo wawe watu wanaojuana kweli, na majina yaandikwe.

Tano ni karadha njema, yaani mkopo usio na nyongeza, kutoka kwa ndugu, mwajiri au rafiki. Anayekopeshwa aandike tarehe ya kulipa na aitimize, kwa sababu kinachoua karadha njema katika jamii zetu ni wakopaji wasiorudisha.

Wajibu wa misikiti na wenye uwezo

Tulitazame tukio kubwa kabisa la kuhama katika historia yetu, nalo ni Hijra. Muhajirina waliwasili Madina mikono mitupu, mali zao zimebaki Makka. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha udugu na Ansari, na Saad bin Rabii akamwambia Abdurrahman bin Auf achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Tuone pande zote mbili: mwenyeji aliyefungua mlango, na mgeni asiyetaka kuwa mzigo. Mtume mwenyewe alikaa kwa Abu Ayyub al-Ansari muda wa miezi kama saba mpaka msikiti na vyumba vyake vilipojengwa. Na kiwanja cha msikiti huo kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kukitoa bure, Mtume akakataa isipokuwa kwa kulipia. Haki ya mwenye mali haikupuuzwa hata kwa ajili ya nyumba ya Mungu.

Hali ya wahamiaji tunayo hapa kwetu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipelekwa Mabwepande. Kaya 644 za Magomeni Kota zilisubiri kwa karibu miaka kumi, nyingi zikiwa katika nyumba za kupanga, hadi majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022. Na kila wiki kuna familia ambayo haitangazwi na redio yoyote, inayohama kwa mkokoteni kwa sababu muda umekwisha.

Kila msikiti mkubwa unaweza kuwa na mfuko wa karadha njema kwa ajili ya kodi. Waumini 100 wakitoa shilingi 2,000 kila Ijumaa, kwa wiki nne ni shilingi 800,000. Familia moja inasimamishwa kila mwezi, na ikirejesha shilingi 100,000 kwa miezi minane, mfuko unakua bila kuongezewa. Kamati iwe na daftari linaloonekana, na mkopaji awe na wadhamini wawili kutoka katika safu za swala.

Asiyeweza hata kurejesha ana mlango mwingine. Wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane ya wanaostahiki zaka kwa mujibu wa aya ya 60 ya Surat At-Tawba, na Imamu Nawawi amelihesabu makazi kuwa sehemu ya mahitaji ya lazima ya fakiri, sambamba na chakula na mavazi. Basi tajiri anayegawa zaka yake noti za shilingi 1,000 kwa watu mia tano waliopanga foleni juani, afikirie kama fedha hiyo hiyo isingeweza kumwekea mjane mmoja paa kwa miezi mitano. Na mwenye nyumba kumi, akiweka chumba kimoja kuwa wakfu kwa wanaopita katika dhiki, atakuwa ameacha sadaka inayoendelea baada yake.

Tunawasihi wamiliki wa nyumba waanze na dogo lililo katika uwezo wao. Mpangaji aliyekaa mwaka mzima akilipa bila usumbufu, mkataba ukiisha, asitakiwe tena miezi sita. Amekwisha kujulikana. Aruhusiwe kulipa mwezi kwa mwezi, na neno hilo liandikwe katika mkataba mpya.

Ijumaa ijayo, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutaeleza masharti ya mkataba wa ijara kwa fremu za biashara, pamoja na hukumu ya fedha inayoitwa kilemba. Wabillahi tawfiq.